Muratina Haitaki Haraka

Siku za ruracio katika mitaa ya Thika na Ruiru, mambo mengi ya zamani sasa hugeuzwa kuwa pesa taslimu. Mbuzi huhesabiwa kwa shilingi, blanketi hutiwa ndani ya bahasha, na mazungumzo yakaendelea bila mtu kunung'unika. Lakini kipo kitu kimoja ambacho wazee wa Kikuyu hawapendi kukiona kikigeuzwa noti, nacho ni muratina. Pombe hiyo lazima iletwe yenyewe, imiminwe, ionjwe. Wakishaiona ndipo huketi vizuri na kuanza kusema.

Swali ambalo siku hizi huulizwa kwa sauti ya chini ni hili: imetengenezwa na nani?

Zamani swali hilo halikuwa na haja ya kuulizwa. Mtengenezaji alikuwa mzee wa ukoo au jirani wa ng'ambo ya mto, na kila mtu aliyajua mikono yake na kibuyu chake. Leo Ruiru ni mji mkubwa. Hesabu ya watu ya mwaka 1979 ingemshangaa huyu wa leo, kwani ile ya 2019 ilionyesha wakazi 490,120, na Thika 251,407. Mashamba ya kahawa yamekatwa viwanja, nyumba za ghorofa zimesimama, na aliyepanga chumba juu hamjui aliyepanga chini. Muratina hufika sherehe ikiwa ndani ya dumu la plastiki, imenunuliwa kwa mtu ambaye hakuna anayemfahamu. Kwa hiyo si ajabu kuwa wapo wananchi, waume kwa wake, wanaotaka kujifunza kuitengeneza nyumbani. Makala haya ni kwa ajili yao.

JOTO SI ADUI

Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kutengeneza bia ya shayiri kama ile ya chupa. Hapo ndipo taabu huanzia. Bia ya namna hiyo ilizaliwa katika nchi za baridi. Hamira yake hupenda kufanya kazi polepole katika nyuzi 8 hadi 13 za sentigredi, kisha pombe huachwa itulie kwa majuma kadhaa penye baridi zaidi.

Ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, walipoanzisha kiwanda cha bia Ruaraka mwaka 1922, kando ya njia ya kutoka Nairobi kwenda Ruiru na Thika, walianza kazi ya kuleta bia ya nchi za baridi katika nchi ya jua. Kiwanda huiweza kwa sababu kina mitambo ya kupoza. Mpangaji wa chumba kimoja hana mitambo hiyo.

Thika iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku huwa na ubaridi, lakini mchana wa Februari chumba chenye paa la mabati huwaka moto. Hamira ya bia ikitiwa katika joto la nyuzi 30 hukurupuka. Hula sukari kwa pupa na kuzaa vileo vizito vinavyonuka kama rangi ya kuta na kumwachia mnywaji kichwa kinachogonga kesho yake.

Wakikuyu hawakushindana na joto. Waliliita lije. Kibuyu cha muratina kiliwekwa karibu na mafiga ili kipate vuguvugu la moto usiku na mchana, kwa kuwa chachu yake ni ya nchi hii na imezoea hali hiyo. Wala si sisi peke yetu. Huko magharibi mwa Norwei, wakulima walirithishana hamira waiitayo kveik, ambayo huweza kufanya kazi vizuri hata katika joto linalokaribia nyuzi 40. Basi somo la kwanza kwa anayeanza ni kuchagua pombe inayoipenda hali ya hewa ya kwake.

TUNDA LISILOLIWA

Jina muratina ni la mti pia. Waswahili huuita mwegea. Matunda yake ni marefu na mazito, yananing'inia kwa kamba kama soseji kubwa, na moja laweza kufikia kilo kadhaa. Tunda hilo bichi lina sumu na haliliwi. Hapa hapana mzaha.

Kazi ya tunda si kutia utamu. Ni nyumba ya chachu. Tunda lililokomaa hupasuliwa kwa urefu, huchemshwa ili ukali utoke, kisha huanikwa juani mpaka likauke kabisa na kubaki nyuzinyuzi kama dodoki la kuogea. Baada ya hapo hulowekwa katika maji kidogo yenye asali au maji ya miwa, likaachwa penye vuguvugu mpaka povu liumuke. Maji hayo ya kwanza humwagwa, hayanywewi. Tunda huanikwa tena, likalowekwa tena, hata uchungu uishe na vijidudu vya hamira vijae ndani ya nyuzi zake.

Tunda lililokwisha kulelewa hivyo ni mali. Huanikwa kila baada ya kazi, hutunzwa pakavu, na hutumika mara nyingi. Ndiyo sababu mwanafunzi hashauriwi kuanza na tunda bichi la mtini. Na aombe kipande kwa mwenye ujuzi anayemjua, kama vile mtu anavyoomba mbegu kwa jirani. Akikikosa, hamira ya kawaida itamtosha kujifunzia kazi, ingawa wazee hawatakubali kuiita muratina.

HESABU YA ASALI

Pombe ya heshima ilikuwa ya asali. Ya pili ilikuwa ya miwa, ambayo wanawake waliitwanga kwenye vinu mpaka maji yakamwagika. Kwa kuwa asali safi ni ghali, wengi leo huchanganya na sukari. Hilo si kosa, mradi mtu aseme kweli alichotia.

Anayeanza asitengeneze debe zima. Achukue kilo 1 ya asali na lita 4 za maji yaliyochemshwa, akaacha yapoe hadi yawe vuguvugu tu, kwa sababu maji ya moto huua hamira. Akoroge mpaka asali iyeyuke, atie vipande vya tunda, na afunike kwa kitambaa safi.

Hesabu ya ukali ni rahisi. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja, zikiliwa zote na hamira, huzaa kileo cha asilimia 1 hivi. Mchanganyiko tuliotaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya asali ni sukari, unaweza kufikia asilimia 10 ukiachwa mpaka mwisho. Hiyo ni mara mbili ya bia ya chupa. Ikinywewa siku ya pili au ya tatu huwa bado ina utamu na ukali wake ni mdogo. Kwa hiyo anayemwaga sukari ovyo ili "iwake" na ajue kuwa anawapa wageni kitu ambacho hata yeye hajui nguvu zake.

Joto la nyuzi 25 hadi 30 latosha. Mwezi wa Julai, Thika na Ruiru zinapofunikwa na mawingu, chombo kikae pembeni mwa jiko. Mwezi wa Februari kikae sakafuni kwenye saruji, ndani ya karai la maji, kimefungwa kitambaa kibichi. Upepo ukipita juu ya kitambaa hicho hupoza, kama mtungi wa maji unavyojipoza wenyewe.

CHOMBO NA USAFI

Katika nchi yenye joto, uchafu hukua upesi kama hamira. Pombe nyingi za wanaoanza huharibika kwa sababu ya chombo. Kibuyu, chungu kisichopakwa rangi, kioo, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula vyafaa. Ndoo ya mabati haifai kamwe, kwani ukali wa pombe huyeyusha zinki yake na kumtapisha mnywaji. Dumu lililowahi kubeba dawa ya kahawa au mafuta ya mtambo halisafishiki hata likioshwa mara mia.

Hewa nayo ina wakati wake. Povu likiwa jingi, hewa ya ukaa inayotoka huilinda pombe. Povu likitulia, kifuniko kiwe cha karibu zaidi, la sivyo vijidudu vya siki vitaingia na baada ya siku chache utakuwa na kitu cha kutilia kachumbari. Lakini usiizibe kabisa ndani ya chupa ilhali bado inachemka. Chupa iliyozibwa na kuachwa kwenye joto yaweza kupasuka na kumtoa mtu jicho.

HARAKA ILIYOUA

Wapo watakaouliza: je, pombe hii ya nyumbani si ndiyo ile inayopofusha watu? Ni lazima jambo hili lielezwe wazi. Asali na maji yakichachuka kwa hamira hayazai sumu ya kupofusha kwa kiasi cha kudhuru. Kinachopofusha ni methanoli, kileo cha viwandani cha kuyeyushia rangi na kemikali, ambacho wafanyabiashara wabaya hukitia ndani ya pombe kali ili ikolee upesi na faida ipatikane siku hiyo hiyo. Ndani ya mwili hugeuka kuwa asidi inayoharibu mshipa wa jicho kwanza, kisha uhai.

Mwezi Novemba mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Kiambu ikiwa mojawapo. Februari 2024 msiba ukaingia kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga. Laiti wauzaji hawa wangetia maji tu!

Kwa hiyo mwanafunzi na ashike sheria mbili. Asitonesheshe pombe kwa moto kutafuta kileo kikali, na asiongeze kitu chochote kutoka chupa isiyo na jina ili kuharakisha. Hamira ina mwendo wake.

SHERIA YASEMAJE

Serikali haikuiacha pombe ya kienyeji ijiendee. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga marufuku chang'aa kabisa. Mwaka 2010 ikaja sheria mpya ya kudhibiti vileo, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, ikaruhusu pombe hizo zitengenezwe kwa leseni na kwa viwango. Katiba ya mwaka huo huo iliipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Na wakazi wa hapa hawajasahau Julai 2015, msako ulipopita Kiambu nzima na mapipa yakamwagwa mitaroni. Basi anayekusudia kazi hii, hata kwa sherehe moja, aulize kwanza katika ofisi ya kaunti yake. Kuuza bila leseni ni kosa, na kumpa aliye chini ya miaka 18 ni kosa.

Ajabu ni kwamba mila ilikuwa kali kuliko sheria hizi. Pombe ilikuwa ya wazee. Kijana hakuthubutu kugusa pembe ya kunywea, kazi yake ilikuwa kubeba. Na katika posa, muratina iliyoletwa haikunywewa mpaka binti aulizwe kama inyweke. Neno lake ndilo lililofungua kibuyu. Pombe ilikuwa ushahidi wa mapatano kabla ya kuwa starehe.

Desturi hiyo ya kumwuliza binti ingali hai katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru. Yafaa tuiongezee moja, inayotakiwa na zama zetu za madumu na wageni: kabla wazee hawajapokea pembe, aliyeitengeneza muratina na aitwe kwa jina, asimame mbele ya watu, aseme alichotia, kisha anywe yeye kwanza.