Fahamu: Nyayo zilizoutangulia Mlima Kilimanjaro

Nyayo za Laetoli, kusini mwa Olduvai, zina umri wa takriban miaka milioni 3.66. Mlima Kilimanjaro ulikuwa bado haujachomoza: volkano yake kongwe, Shira, ilianza kulipuka yapata miaka milioni 2.5 iliyopita. Huko Laetoli, majivu ya volkano yalilowa mvua, yakakanyagwa, kisha yakaganda kama saruji. Kikosi cha mtafiti Mary Leakey kilizifukua nyayo hizo mwaka 1978. Kisigino kimezama, kidole gumba kimelala sambamba na vingine, hakikuchepuka kama cha sokwe. Wanasayansi wengi humtaja mwenye nyayo kuwa Australopithecus afarensis, zamadamu mwenye ubongo mdogo. Kumbe kutembea kwa miguu miwili kulitangulia, ubongo mkubwa ukaja baadaye sana. Nyayo nyingi zimefukiwa tena, zisiharibiwe na mvua wala mizizi.