Mwili ndio mzigo: Mtunisha misuli anapovuka mpaka kusaka taji

Na Mwandishi Wetu

MWISHONI mwa Oktoba 1965, kijana wa miaka 18 aliruka ukuta wa kambi ya jeshi nchini Austria. Hakubeba begi. Alikuwa na nguo alizovaa na fedha za tiketi ya treni ya bei ya chini. Safari yake ilikuwa ya kwenda nchi jirani, mjini Stuttgart, Ujerumani Magharibi, kwenye mashindano ya kutunisha misuli ya vijana wa Ulaya.

Ruhusa hakuwa nayo. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza mafunzo ya jeshi, kipindi ambacho kuruta haruhusiwi kutoka nje ya geti. Treni aliyopanda ilisimama karibu kila kituo. Alipofika ukumbini aliazima bukta ya kupandia jukwaani, akaazima na mafuta ya kujipaka. Mikao ya kuonesha misuli alikuwa ameiiga kwenye picha za majarida za bingwa aliyemhusudu, Mwingereza Reg Park. Akashinda.

Nauli ya kurudi nayo aliikopa. Alikamatwa akiparamia ukuta kuingia kambini, akatupwa mahabusu kwa siku saba. Kijana huyo aliitwa Arnold Schwarzenegger, ambaye baadaye alichukua taji la Mr Olympia mara saba.

Anayevuka Busia, Namanga au Rusumo kila wiki ataitambua safari hiyo haraka. Ni safari ya mtu mwenye mtaji mdogo, anayekwenda soko asilolijua, akiwa na bidhaa moja tu mkononi. Tofauti ni kwamba bidhaa ya mtunisha misuli ni mwili wake mwenyewe. Hauwezi kufungwa kwenye gunia, hauachwi stoo, na ukiharibika njiani hakuna wa kukurudishia hasara.

Soko geni lina macho yake

Mwaka uliofuata, 1966, Schwarzenegger alipanda ndege kwenda London kushindania Mr Universe. Kwao alikuwa mkubwa kuliko wote. London alikuta mambo mengine. Mmarekani Chet Yorton alimshinda, na sababu ilionekana wazi: kifua na mikono ya kijana wa Austria vilikuwa vimejaa, lakini miguu haikuwa imechongeka.

Hilo ndilo somo la kwanza la kushindana ugenini. Nyumbani mtu husifiwa kwa kile alicho nacho. Ugenini hupimwa kwa kile alichokosa. Mpiga debe wa jim ya mtaani huangalia mkono uliojaa. Jaji asiyekujua huanza na ndama wa miguu, akapanda mapaja, akageuza mgongo, akatafuta pale ambapo pande mbili hazilingani.

Schwarzenegger hakurudi nyumbani kulalamika kwamba amepunjwa. Mmoja wa majaji, Wag Bennett, alimkaribisha nyumbani kwake Forest Gate, mashariki mwa London, ambako familia yake yenye watoto sita iliishi pamoja na jim. Hapo alifundishwa mambo mawili aliyokuwa hana: kujenga miguu, na kuonesha mwili kwa kufuata muziki badala ya kuruka kutoka mkao mmoja hadi mwingine. Mwaka 1967 alirudi jukwaa lilelile la London, akachukua taji akiwa na miaka 20.

Mwenyeji mmoja mwenye nia njema alimpa kile ambacho mwaka mzima wa kunyanyua vyuma peke yake usingempa. Wafanyabiashara wanalijua hilo. Anayefikia kwa mwenyeji anayejua bei za soko hauzi sawa na anayeshukia stendi na kumwuliza dalali.

Mzigo mkubwa si lazima uwe mzigo bora

Somo la pili lilimkuta Miami, Marekani, Septemba 1968. Alikuwa ametoka kushinda London kwa mara nyingine. Alifika akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 100, akijiona ameshamaliza kazi. Akashindwa na Frank Zane, mtu mwembamba aliyekuwa na uzito wa chini ya kilo 90.

Zane alikuwa mdogo, lakini kila msuli wake ulionekana kama umechorwa kwa kalamu. Schwarzenegger alikuwa mkubwa, ila ngozi yake ilikuwa nyeupe na laini, na mafuta chini yake yalificha kazi aliyoifanya kwa miaka. Usiku ule alilia. Alikuwa mbali na kwao, Kiingereza kinamsumbua, na kile alichokitegemea kimekataliwa.

Baada ya hapo alibaki California, akakata miguu ya suruali zake za mazoezi ili ndama zake dhaifu zionekane na kila mtu. Alitaka aibu imsukume. Kuanzia 1970 hadi 1975 hakuna aliyemnyang'anya taji la Mr Olympia. Ushindi wa sita mfululizo aliupata barani Afrika, mjini Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1975, na safari hiyo ikaingia kwenye filamu ya Pumping Iron iliyotoka 1977.

Mtaji wa miezi minne

Kwa kijana wa Afrika Mashariki anayejiandaa leo kwenda kushindana nchi jirani, hesabu huanza wiki 12 hadi 16 kabla ya siku yenyewe. Misuli hujengwa kwa miaka. Miezi hiyo michache ni ya kuondoa mafuta ili misuli ionekane.

Kasi inayofaa ni kupunguza kati ya nusu na asilimia moja ya uzito wa mwili kwa wiki. Mwenye kilo 80 apunguze gramu 400 hadi 800. Akikimbia zaidi ya hapo, mwili huanza kula misuli yenyewe, na atafika jukwaani akiwa mwembamba bila kuwa na cha kuonesha.

Gharama kubwa ni chakula. Mtu wa kilo 80 katika kipindi hiki huhitaji takriban gramu 160 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu sita hivi. Kama angetegemea mayai peke yake, angemaliza karibu trei nzima kila siku. Ndiyo maana wengi huchanganya: mayai, kuku, maharage, maziwa na samaki. Dagaa wakavu, wale wale wanaovushwa kwa magunia kutoka kanda ya Ziwa Victoria, ni protini kwa zaidi ya nusu ya uzito wao, na bei yao haimtishi mtu wa kipato cha chini. Walokaushwa kwa chumvi ndio wa kuangaliwa, hasa wiki ya mwisho.

Ugali, wali na viazi vitamu havifutwi, hupimwa. Anayeviacha kabisa hukosa nguvu ya kunyanyua vyuma, na msuli usiopewa kazi hupungua.

Kisha kuna zoezi ambalo wengi hulidharau: kusimama. Mikao ya lazima hushikiliwa huku mtu akitabasamu na kupumua, na majaji wanaweza kuirudia mara nyingi wakiwalinganisha washindani wawili. Asiyeifanyia mazoezi kila siku mbele ya kioo huanza kutetemeka dakika ya tatu. Hapo mtu hupoteza pointi kwa misuli ambayo tayari anayo.

Wiki ya mwisho ndiyo inayoua

Katika siku za mwisho wengi hujaribu kukausha maji mwilini ili ngozi ikaze. Hapa ndipo maisha ya watu yamekatika.

Oktoba 1992, Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyekuwa akiiwakilisha Ufaransa, alifariki dunia nchini Uholanzi saa chache baada ya kushuka jukwaani. Machi 1996, Andreas Münzer wa Austria, nchi ileile ya Schwarzenegger, alifariki Munich siku chache baada ya kurejea kutoka mashindano Marekani. Wote wawili walikuwa miongoni mwa wanaume waliokauka kuliko wenzao duniani. Vifo vyao vilihusishwa na dawa, zikiwemo zile za kukojoza maji.

Dawa hizo zimo kwenye orodha ya zilizopigwa marufuku michezoni, lakini marufuku si sababu kubwa ya kuziogopa. Moyo hupiga kwa msaada wa chumvichumvi zilizomo kwenye damu, hasa potasiamu na sodiamu. Maji yakitolewa kwa nguvu, chumvi hizo huvurugika, na moyo unaweza kusimama bila kutoa onyo. Ukiongeza safari ya basi ya usiku kucha, joto, na mtu aliyeacha kunywa maji tangu juzi, hatari inaongezeka.

Tena njia hiyo haina hata faida inayodhaniwa. Msuli wenyewe sehemu kubwa ni maji. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye msuli hushikilia takriban gramu tatu za maji, na hayo ndiyo yanayoufanya ujae. Anayekata maji na wanga kwa pamoja hufika jukwaani akiwa amesinyaa, kisha hujiuliza misuli aliyoiona kwenye kioo wiki iliyopita imekwenda wapi. Aliyeondoa mafuta mapema hana haja ya mchezo huo.

Dirishani kwa uhamiaji

Schwarzenegger aliruka ukuta. Kijana wa ukanda huu hana sababu ya kuruka. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka miongoni mwa nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Kwingineko katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, pasipoti au hati ya kusafiria ndiyo salama, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwenye vituo vya pamoja vya mpakani kama Busia na Namanga, ukaguzi wa nchi mbili hufanyika upande mmoja.

Tatizo huanza kwenye begi. Mshindani husafiri na chakula chake, kwa sababu hawezi kujua hoteli ya mpakani imeweka chumvi kiasi gani kwenye kuku. Nyama mbichi na mayai ni vitu ambavyo maofisa wa mifugo wana haki ya kuvizuia visipokuwa na cheti. Chakula kilichopikwa, kikafungwa kidogo kidogo kwa mlo mmoja mmoja, huleta maswali machache.

Unga wa protini nao hauna budi kukaa kwenye kopo lake lenye lebo. Unga mweupe kwenye mfuko wa nailoni ni mwaliko wa kukaa pembeni saa nzima huku basi likiondoka.

Wapo pia wanaotaka kurudisha nauli kwa kubeba makopo kadhaa ya kuuza. Huyo si mwanamichezo tena, ni mfanyabiashara, na aliyezoea mpaka anaijua tofauti. Cheti rahisi cha uasili kinachomsaidia mama wa nafaka au dagaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000 ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kopo lililotengenezwa Marekani au Ulaya halimo, hata kama limenunuliwa Nairobi au Kampala. Litatozwa ushuru, au litabaki forodhani pamoja na mwenye nalo.

Kusafiri kwenyewe huumiza. Kukaa saa kumi na mbili kwenye kiti cha basi huvimbisha miguu, na miguu ndiyo inayotazamwa kwanza. Wenye uzoefu hufika siku mbili kabla, hushuka kila basi linaposimama, hutembea, hulala na miguu imeinuliwa juu ya mto. Usiku mmoja wa nyumba ya wageni ulioongezwa unaweza kuwa na thamani kuliko mwezi wa mazoezi.

Kurudi nyumbani

Taa za jukwaa huzimwa, mafuta na rangi hufutwa kwa taulo, na wengi wa waliopanda hurudi bila kikombe. Katika mashindano mengi fedha ya zawadi haifikii gharama ya mayai.

Hata hivyo wanakwenda tena. Mamdouh Elssbiay, Mmisri aliyewahi kuishi kwa uvuvi, alihamia Kuwait na huko ndiko alikojengeka hadi akachukua taji la Mr Olympia mwaka 2020 na 2021. Naye kabla ya hapo alikuwa ameshindwa kwenye jukwaa hilo hilo, mwaka baada ya mwaka.

Mfanyabiashara aliyerudi na mzigo haujauzwa hurudi na kitu kingine: amejua soko linataka nini. Mtunisha misuli ni hivyo hivyo. Karatasi ya majaji inayosema miguu ni midogo au mgongo haujakaza ni bei ya soko iliyoandikwa wazi. Atakayeikunja na kuitia mfukoni, akaifungua tena jim Jumatatu asubuhi, ndiye atakayeonekana mpakani mwaka ujao, na safari hiyo atakuwa na begi lake mwenyewe.