Fahamu: Samadi au mbolea ya viwandani? Hesabu ya mkulima wa Kitai

Tangu ruzuku ya mbolea irejee Agosti 2022, vita vya Ukraine vikiwa vimepaisha bei, mkulima wa mahindi wa Kitai, wilayani Mbinga, akijisajili hununua mfuko kwa bei nafuu. Sasa samadi ya zizini ina kazi gani tena?

Tuanze na hesabu. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo mfuko wa kilo 50 umebeba kilo 23. Samadi iliyooza vizuri mara nyingi haivuki asilimia moja au mbili. Kupata kilo hizo 23 utahitaji tani moja hadi mbili na ushei. Nani ataibeba? Kwa mwenye shamba la mbali, hapo mfuko umeshashinda.

Ila urea haijengi udongo. Ikitumika peke yake mwaka hadi mwaka huongeza tindikali, na udongo usio na mboji huachia virutubisho visombwe na mvua. Wamatengo wa milimani hapo Mbinga hilo walilijua zamani. Kwenye ngoro, kilimo chao cha mashimo na matuta, nyasi hufyekwa, hupangwa miraba, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Shimo hudaka maji, nyasi huoza ndani ya tuta, maharage hupandwa juu, mahindi hufuata msimu mwingine.

Mimi ningechanganya: samadi kabla ya kupanda, urea mahindi yakifika magotini na udongo ukiwa na unyevu. Samadi mbichi usiiguse. Huunguza miche na kukuletea magugu.