Kutoka foni mpaka intaneti: namna redio ndogo ya Lubumbashi inaweza kusikika Goma

Mtu aliyekua Lubumbashi kabla ya mwaka 2000 anaikumbuka foni. Ilikuwa nyumba ndogo, waya mrefu umefungwa juu ya paa, batri ya gari chini ya meza, na benchi ya watu wanaongojea zamu yao. Mama anataka kujua kama mtoto amefika salama Kalemie. Mchuuzi anauliza bei ya mahindi. Mwenye foni anaita, anaita tena, mpaka sauti ya kule inatokea katikati ya makelele, kama mafuta yanakaanga. Wote walio kwenye benchi wanasikia masolo yako, lakini habari inafika.

Kisha simu za mkononi zikaingia, na nyumba nyingi za foni zikafungwa. Hata hivyo foni haikufa. Iko bado katika parokia za mbali, katika hospitali za porini, kwenye viwanja vidogo vya ndege. Na siku hizi kuna njia ya kuoa redio na intaneti, ili redio moja ndogo ya Lubumbashi isikike Goma, zaidi ya kilomita 1,100 kwa njia ya ndege. Njia hiyo imetengenezwa na maamatera wa redio, ni kusema watu wanaopewa ruhusa ya kurusha sauti hewani kwa kujifunza na kusaidia, si kwa kutafuta faranga.

Redio mbili, nguvu mbili

Kwanza tutenganishe vitu viwili. Redio ya mkononi, ile walinzi wanabeba na wengi wanaiita motorola, inatumia mawimbi mafupi sana yanayokwenda moja kwa moja. Ikikutana na mlima au majengo, inachoka. Katika muji inafika kilomita chache. Ikisaidiwa na ripita, ni kusema mashine inayowekwa juu ya kilima ili kupokea sauti na kuirusha tena, inafika makumi ya kilomita. Lakini haitoki Lubumbashi kufika Goma.

Foni ni kitu kingine. Mawimbi yake yanapanda juu, yanagonga tabaka la hewa lenye umeme, na yanarudi chini mbali sana. Ndiyo sababu foni inaruka mamia ya kilomita bila mnara wowote katikati. Matatizo yake ni haya: masafa yanayopita vizuri mchana hayapiti vizuri usiku, na mvua ya radi inaleta makelele mengi.

Daraja la sauti

Sasa je, intaneti inaingia wapi? Mwaka 1997 David Cameron, amatera wa Kanada, alianzisha mfumo unaoitwa IRLP. Mwaka 2002 Jonathan Taylor wa Marekani alitoa programu inayoitwa EchoLink. Mifumo yote miwili ina wazo moja: acha redio ifanye kazi ya karibu, na intaneti ifanye kazi ya mbali.

Fuata sauti hatua kwa hatua. Amatera wa Lubumbashi anabonyeza redio yake ya mkononi na kusema. Redio kubwa iliyo ndani ya nyumba moja ya muji, kwenye masafa yale yale, inapokea. Redio hiyo imeungwa na kompyuta kwa kisanduku kidogo. Kompyuta inageuza sauti kuwa namba, inaikata vipande vidogo, na kuvituma kwenye intaneti. Kompyuta ya Goma inavipanga tena, inageuza namba kuwa sauti, kisha inabonyeza redio yake yenyewe kama vile kidole cha mtu. Mwenye redio ya mkononi kule Goma anasikia, hata kama hana simu wala mega.

Kila kituo kina namba yake. Anayetaka kufunguliwa njia anabonyeza namba hiyo kwenye vitufe vya redio, karibu sawa na kupiga simu. Kwa anayejifunza, EchoLink ina kituo cha kujipima: unasema, kinakurudishia sauti yako, unajua kama unasikika vizuri.

Mega haziliwi nyingi. EchoLink inabana sauti mpaka kilobiti 13 kwa sekunde. Ukisema saa nzima bila kupumzika, hiyo ni karibu megabaiti 6 za sauti, na hata ukiongeza kinachotumika kuifunga na kuisafirisha, haifiki 10. Jambo moja la kuzoea: sauti inachelewa kidogo. Ukibonyeza, hesabu sekunde moja ndipo uanze kusema, la sivyo neno lako la kwanza linamezwa.

Wengine watauliza: si WhatsApp iko? Iko, na inafaa. Lakini WhatsApp inataka kila mtu awe na simu nzuri, moto ndani ya batri na mega zake. Kwenye daraja la redio, mtu mmoja tu kila upande ndiye anahitaji intaneti. Wengine wote wanahitaji redio. Na mmoja akisema, wote wanasikia papo hapo.

Habari ikichelewa, watu wanakufa

Wanaosema kwamba huo ni mchezo wa watu wenye nafasi wakumbuke Makombo, katika Haut-Uele. Kuanzia tarehe 14 mpaka 17 Desemba 2009, waasi wa LRA walipita kijiji kwa kijiji katika eneo lile. Human Rights Watch ilihesabu raia 321 au zaidi waliouawa na wengine 250 waliotekwa. Eneo halikuwa na mtandao wa simu. Ripoti ya shirika hilo ilitoka mwisho wa Machi 2010, miezi 3 na zaidi baadaye, na ndipo dunia ikajua ukubwa wa mauaji hayo.

Baada ya hapo, Kanisa Katoliki la kule pamoja na shirika la Invisible Children walieneza foni katika vijiji vya Uele. Msimamizi wa foni wa kijiji alitoa habari kwa wenzake kila siku: njia iko salama, au watu wenye silaha wameonekana. Habari zilipofika kwenye kituo kikubwa, ziliingizwa kwenye ramani ya intaneti iliyoitwa LRA Crisis Tracker, iliyofunguliwa mwaka 2011. Pale daraja kati ya foni na intaneti lilikuwa mtu anayesikiliza na kuandika. Lakini somo ni lile lile: kijiji hakina haja ya intaneti ili sauti yake ifike mbali. Kinahitaji redio, na mtu upande wa pili wa daraja.

Daraja likikatika

Hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Daraja la EchoLink au IRLP linasimama juu ya intaneti, na intaneti inaweza kuondoka. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika Kongo nzima, na ilirudi tarehe 19 Januari 2019. Karibu majuma matatu. Kwa siku zile zote, daraja la namna hii halingepitisha hata neno moja. Ripita ya muji ingeendelea kuunganisha jirani na jirani, na foni ya zamani, yenye waya wake na batri yake, ingeendelea kuruka kutoka muji mpaka muji.

Kwa hiyo anayefikiri kujenga daraja asitupe waya wa foni. Apange zote mbili: intaneti kwa siku za kawaida, juu sauti yake ni safi, foni kwa siku mbaya. Na zote mbili ziwe na batri na paneli ya jua, kwani umeme ukikatika, modemu inazimika pamoja na taa.

Ruhusa kwanza

Redio si simu ya kununua sokoni na kuwasha tu. Masafa ni mali ya taifa, na nchini mwetu ARPTC ndiyo inayasimamia. Amatera anapewa jina la hewani. Majina ya Kongo yanaanza na 9O mpaka 9T, kama vile ya Zambia yanaanza na 9I au 9J. EchoLink yenyewe inaomba ushahidi wa ruhusa kabla ya kukufungulia mlango. Biashara hairuhusiwi kwenye masafa ya maamatera: bei ya mahindi ibaki kwenye simu. Lakini tangu mwaka 2003, sheria za kimataifa zinakubali amatera apitishe ujumbe wa watu wengine, hata kuvuka mpaka, wakati wa hatari au msiba.

Tena kila neno liko wazi. Anayesema mahali walinzi walipo au njia ambayo wakimbizi watapita, akumbuke ile benchi ya zamani: wote wanasikia, na si wote ni marafiki.