Nyama ya Kasa: Hatari kwa Mlaji, Hasara kwa Bahari

Mwezi Machi 2024, watoto 8 na mwanamke mmoja walifariki dunia katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Watu wengine 78 walilazwa hospitalini. Msiba huo haukuwa wa kwanza: Novemba 2021, watu 7 walipoteza maisha kisiwani Pemba kwa sababu hiyo hiyo.

Wakazi wa mwambao wamekula nyama ya kasa kwa vizazi vingi, na wengi hawakudhurika. Hapo ndipo penye mtego. Sumu inayoua, ambayo kitaalamu huitwa kelonitoksini, haimo katika kila kasa. Wataalamu wanadhani kwamba hutokana na mwani na viumbe wadogo anaowala mnyama huyo baharini. Hivyo kasa mmoja huweza kuliwa bila madhara, na mwingine wa aina ile ile akaangamiza familia nzima. Hakuna rangi, harufu wala ladha inayowatofautisha, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kuanikwa.

Dalili huanza baada ya saa chache au siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo, kuwashwa mdomoni na kooni, shida ya kumeza na vidonda vya ulimi. Mgonjwa aliyezidiwa hulemewa na usingizi na hatimaye kupoteza fahamu. Watoto ndio huathirika zaidi. Hata mtoto mchanga asiyeonja nyama hiyo huweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyeila. Hakuna dawa ya kuivunja sumu hii. Tabibu hutibu dalili na kuulinda uhai wa mgonjwa.

Kumwacha kasa baharini, kwa hiyo, ni kinga ya afya, na ni kinga ya bahari pia. Kasa wa kawaida hula majani ya bahari na kuyafanya yachipue upya. Katika malisho hayo hukulia tasi, changu na samaki wengine wanaotegemewa na wavuvi. Ng'amba naye hula sifongo, ambazo zikizidi huyasonga matumbawe. Wote wawili hutaga mayai katika fukwe za Tanzania. Jike hutaga mayai yapatayo mia moja au zaidi kwa mara moja, lakini makinda wachache mno hufikia utu uzima, na kasa wa kawaida huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Jike mmoja akichinjwa, pengo lake halizibiki upesi.

Kisiwani Mafia, shirika la Sea Sense limekuwa likishirikiana na wanavijiji tangu 2001 kulinda viota. Huo ni ushahidi kwamba jamii za pwani zinaweza kuwa walinzi wa kasa badala ya wawindaji.

Mvuvi anayemkuta kasa hai katika jarife lake amwachilie. Aliyekwisha kula nyama hiyo afike kituo cha afya mapema, hata kama hajaona dalili, na aeleze wazi alichokula na waliokula pamoja naye. Uvuvi wa kasa umekatazwa na sheria, lakini hofu ya sheria isimfanye mtu kumficha tabibu ukweli: ukimya huo huweza kugharimu maisha ya mtoto.