Kilomita 29 angani, safari ndefu ardhini

Mpenzi msomaji, hebu leo chukua atlasi ya mwanao uifungue penye ramani ya Pwani ya Kenya. Tafuta Uwanja wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, kisha teremsha kidole kusini hadi Ukunda, Kwale, penye uwanja mdogo unaohudumia Diani. Je, kati ya viwanja hivi viwili pana mwendo gani?

Hesabu yenyewe si ngumu. Uwanja wa Moi uko karibu nyuzi 4 na dakika 2 kusini mwa ikweta. Ule wa Ukunda, nyuzi 4 na dakika 17 na nusu. Dakika hizi ni za ramani, si za saa. Kila moja ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.85. Kwa kuwa viwanja hivi karibu vimepangana kaskazini na kusini, zidisha 15.5 kwa 1.85 nawe utapata kilomita 29 hivi. Ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa ingeyakata masafa hayo kwa dakika 6, ukiacha muda wa kupaa na kutua.

Lakini wengi wetu hatuna mabawa. Ndege kubwa za kutoka Ulaya hutua Moi, ambako njia kuu ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Ya Ukunda ni fupi mno kwao. Basi anayekwenda Diani au Msambweni hushuka upande wa pili wa maji.

Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: kuingia kisiwani, kisha kupanda feri hadi Likoni. Mkondo wenyewe ni kama nusu kilomita tu na huvukwa kwa dakika chache. Kinachomla abiria muda ni foleni. Wala maji haya si ya kuchezewa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyobeba watu kupita kiasi ilipinduka karibu hapo, Mtongwe, na zaidi ya watu 250 wakapoteza maisha. Kwa hiyo hata ukichelewa, usikubali kupanda chombo kilichofurika.

Siku hizi ipo barabara ya Dongo Kundu, itokayo Miritini, ikavuka madaraja ya Mwache na Mteza hadi Kibundani, Kwale. Anayeshuka treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, huiona njia hiyo karibu na kituo chake.

Na kutoka Nairobi je? Uwanja wa Wilson hadi Ukunda ni karibu kilomita 450 angani. Kwa kilomita 500 kwa saa, hiyo ni dakika 54. Ndege ya kilomita 300 kwa saa itahitaji saa moja na nusu. Treni huchukua kati ya saa 5 na 6 hadi Miritini, na hapo bado hujafika Diani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa nauli ya familia, usiulize bei na kilomita peke yake. Uliza utatua ng'ambo ipi ya maji, na utayavukaje. Siku ya kurudi, piga hesabu ya foleni kwanza, kisha ya ndege. Rubani hamngoji aliyekwama Likoni.