Fahamu: Wosia wa mdomo katika Uingereza ya zamani

Mgonjwa yuko taabani, wa kumwandikia yuko mbali. Katika Uingereza ya karne ya 16 na 17, hapo ndipo jirani aliyekaa kando ya kitanda alipouliza: mali yako unamwachia nani? Jibu fupi tu, "mke wangu", liliweza kuwa wosia. Baada ya maziko, mashahidi walikwenda mahakama ya kanisa na maneno yakaandikwa kama walivyoyakumbuka, yakifuatwa na "au maneno yenye maana hiyo". Kwangu mimi, hazina ya karatasi hizo ni sauti za watu wasiojua kusoma wala kuandika, wakigawa ng'ombe, sufuria, godoro. Ardhi haikugawiwa kwa wosia wa mdomo: sheria ya 1540 ilidai maandishi.

Hila nazo hazikukosa. Katika kesi ya Cole dhidi ya Mordaunt, mjane kijana alileta mashahidi tisa wa wosia wa mdomo wa mumewe mzee. Baadhi wakabainika kuapa uongo. Mwaka 1677 Bunge likakaza kamba: mali ikizidi pauni 30, lazima mashahidi watatu, tena mgonjwa mwenyewe awe amewaomba washuhudie. Mwaka 1837 wosia wa mdomo ukafutwa, isipokuwa kwa askari walio vitani na mabaharia walio baharini.